Mkunga na Ngazi za Setubal

Mkunga hakuwa na subira na watu waliomuuliza Ulaya kukoje. Aliporudi kutoka Ureno, alikokaa miaka mitatu, wanawake wa mtaa wetu hapa Ibra, Omani, walikwenda kumsalimia mmoja mmoja, na kila aliyetoka kwake alitoka analalamika. Unamuuliza habari za bustani na majumba, yeye anakujibu bei ya mtungi wa gesi.

"Wanakuja kutaka hadithi," aliniambia ilipofika zamu yangu. "Mie nawapa mtungi. Waubebe ghorofa tatu, mkono mwengine umeshika mtoto, ndipo watajua Ulaya kukoje."

Jina lake analo, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia. Wanawake wa Ibra na wa Al Qabil walimwita Mkunga, wanaume wakaongeza Bi mbele yake kwa heshima, na hata madaktari wageni waliokuja hospitali na kuondoka walijifunza neno hilo kabla ya kujifunza salamu. Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na moja katika wodi ya wazazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata kitovu, na yeye ndiye aliyenirudisha nyumbani siku moja kubadilisha nguo kwa sababu mkono wa koti langu ulikuwa na doa dogo la chai.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa mji wa Unguja, walikokaa wengi wa wazee wetu, kimetulia, kila neno mahali pake. Amri alitoa kwa Kiarabu. Kiswahili alikiweka kwa mambo mawili, kukasirika na kumtuliza mzazi. Nimewasikia wanawake wa Kibedui kutoka kule Bidiyah ambao Kiswahili chote wakijuacho ni neno moja, "sukuma", na wanalitamka kama yeye, na lile "mwanangu" linalofuata nyuma.

Alikuwa mkali, na ukali wake haukuchagua mtu. Mkubwa mmoja wa serikali alikuja kumwona mkewe nje ya saa za wageni, akasimama mlangoni na kanzu yake nyeupe na jambia kiunoni, akitarajia kupishwa. Mkunga akamtazama miguu. "Viatu," akasema. Yule bwana akavivua. "Na sasa rudi saa kumi." Akarudi saa kumi, na viatu mkononi.

Alipostaafu, wote tulidhani atafanya kama wengine: Umra, wajukuu, kulima bustani yake ndogo na kugombana na mgawaji wa maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nasra, ambaye wakati huo alikuwa Ureno akisomea uhandisi wa maji yaliyo chini ya ardhi. Nasra alikwenda huko na mumewe, kijana wa Nizwa. Mwaka wa pili akazaa mtoto wa kike. Mtoto alipofikisha miezi minne, mume akachoka na baridi na lugha, akarudi Nizwa, akatuma ujumbe kwamba mke amfuate au basi. Nasra akampigia mama yake analia, akisema atafunga masanduku.

Mkunga akamuuliza swali moja. "Umebakisha miaka mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Basi usifunge kitu. Nakuja mie."

Kaka yake, mzee anayesikilizwa katika ukoo wao, alikuja nyumbani kwake kumzuia. Mimi nilikuwapo, nimekuja kumsaidia kukunja nguo. Aliongea kwa upole, sitamsingizia. Alisema binti arudi, arudiane na mumewe, skuli zipo hapa pia, na kwamba kama tatizo ni fedha yeye atalipa kila kitu, nyumba na gari na yaya, mradi Nasra arudi.

Mkunga aliendelea kukunja. "Fedha unazo," akasema, "na moyo wa kutoa unao. Lakini hapa unamnunua mtoto wangu, na mie simuuzi."

"Utaishi na nini kule, na pensheni hii?"

"Nitaishi na hiyo hiyo."

Akaondoka wiki ile ile, ana miaka sitini na mbili, hajapata kuona theluji wala hana neno moja la Kireno.

Neno moja si kweli. Alinitumia ujumbe wa sauti siku yake ya tatu, anacheka mpaka sauti inakatika. Alikuwa ametoka sokoni, akamsikia mwanamke akisema "mesa", akatazama, akakuta ni meza kama meza yetu. Kisha bendera ikawa bendera kasoro kidogo, na leso nayo karibu leso. "Hawa watu walikaa kwetu Mombasa na Maskati," alisema, "babu zetu wakawafukuza, wakaacha meza na leso wakakimbia. Na leo mie nimekuja kwa miguu yangu kuwalipa kodi ya nyumba kila mwezi. Wazee wakifufuka watanipiga bakora."

Kodi ndiyo iliyomtesa. Chuo cha Nasra kilikuwa Lisboni, lakini Lisboni hawakuweza hata kuiota, kwa hiyo walikaa Setubal, mji wa bandari kusini yake, na Nasra akawa anapanda treni inayovuka daraja refu kila asubuhi kwenda kusoma. Mwenye nyumba alitaka miezi kadhaa mbele kabla ya kutoa ufunguo, kwa sababu wapangaji ni wageni. Mkunga akauza bangili zake mbili kabla hata hajafungua sanduku lake vizuri. Hakuniambia yeye. Niliambiwa na Nasra baadaye sana.

Na nyumba yenyewe ilikuwa baridi. Hili watu wa hapa hawalifahamu kabisa, kwamba unaweza kukaa Ulaya ya kusini, jua linawaka nje, na ndani ukavaa koti. Nyumba za kule, alisema, zimejengwa kama hazijapata kusikia habari za Januari. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, na kila Jumamosi alivuta kabati, akasugua kwa siki, akalirudisha. Hita ya umeme iliwashwa kwa kuogesha mtoto tu. Mtoto akishavaa, hita inazimwa, na bibi na mjukuu wanaingia chini ya blanketi moja mpaka mama arudi na treni.

Alijifunza mji ule kwa bei. Alijua duka gani mkate wa jana unauzwa nusu, basi gani mzee analipa kidogo, siku gani dagaa wakubwa wa kule wanakuwa rahisi kuliko viazi. Samaki aliwasifu, jambo la nadra kwake. Alisema samaki wa Setubal anaweza kukaa sahani moja na samaki wa Sur bila kuona haya. Nyama ilikuwa shughuli nyengine. Ya halali ilipatikana Lisboni kwa mchinjaji mmoja mwenye asili ya Msumbiji, na nauli ya kuifuata ilikuwa karibu sawa na nyama yenyewe, kwa hiyo walikula nyama mara moja kwa mwezi, na yeye akajisemea kwamba madaktari wameshauri hivyo.

Sasa, mwanamke huyu huyu aliyevuta kabati kwa ajili ya kuokoa bei ya rangi, alikunywa kahawa mkahawani kila siku. Kila siku. Alishuka chini, akasimama kwenye kaunta katikati ya mabaharia wastaafu, na buibui lake jeusi na miwani yake, akanywa kikombe kidogo cha kahawa chungu, akalipa, akaondoka. Hapa Ibra hajapata kukanyaga mkahawa wa wanaume maisha yake yote. Nasra alimwambia siku moja, kwa adabu, kwamba kahawa ile kwa mwezi ni karibu mtungi mmoja wa gesi.

"Naujua mtungi," Mkunga akamjibu, "mie ndiye ninayeupandisha. Na nikiunyima mwili wangu kikombe kimoja, kesho hautoupandisha."

Nilipomuuliza mimi kwa nini hasa, alifikiri kidogo. Alisema kwamba pale kaunta ndipo mahali pekee katika nchi ile ambapo mtu alimuuliza yeye anataka nini. Kwengine kote, benki, kwenye foleni ya vibali, kwa daktari wa mtoto, watu walimtazama Nasra na kuuliza, "Na huyu bibi?"

Mambo ya ngazi yalianza mwaka wa pili. Mwenye nyumba alipandisha kodi. Pensheni ilikuwa ile ile, na masomo ya Nasra yalikuwa yamefika pale ambapo huwezi kufanya kibarua na kusoma pamoja. Mwanamke aliyekuwa akisafisha ngazi za jengo lile alikuwa ameacha, na ngazi zilikaa wiki tatu na mchanga na manyoya ya paka. Mkunga akamchukua Nasra, wakashuka kwa mwenye nyumba, akamwambia bintiye atafsiri neno kwa neno: ngazi nitaosha mie, mara mbili kwa wiki, na kodi ibaki pale ilipokuwa.

Nasra alikataa kutafsiri. Alisimama pale mbele ya mwenye nyumba, midomo imefumba, machozi yanamtoka. Mkunga akamgeukia. "Umesoma miaka yote hii, maneno kumi yanakushinda?" Nasra akatafsiri.

Akaosha ngazi. Aliziosha kama alivyoosha chumba cha uzazi, kwa maji moto na dawa, kutoka juu kwenda chini, kona kwa kona. Mwanamke wa ghorofa ya chini alimwambia Nasra kwamba tangu jengo lijengwe hajapata kuona rangi ya kweli ya vigae vile.

Picha ilikuja kiangazi. Kijana mmoja wa ukoo wao alipita Ureno kutembea na marafiki, akaja Setubal kumsalimia shangazi, akamkuta ngazini na ndoo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini alipiga picha akaituma kwenye kundi la simu la ukoo, lenye watu wasiopungua mia, Ibra, Maskati, Unguja, mpaka Dubai. Mkunga amepiga goti moja, buibui limekunjwa kiunoni, tambara mkononi.

Kundi likalipuka. Wako walioandika "inna lillahi" kana kwamba amekufa. Wako waliosema ukoo umevuliwa nguo. Kaka yake akaandika sentensi moja tu, kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Na mimi, niliyeongezwa kwenye kundi lile kwa sababu ya ujirani, nilikuwa kitandani nikiusoma kila ujumbe.

Jioni ile ukaja ujumbe wake wa sauti. Ninao mpaka leo.

"Assalamu alaykum nyote. Picha nimeiona. Ni mimi, msibishane. Nimewazalisha nyie na wake zenu miaka thalathini na nne. Damu zenu nimeziosha sakafuni kwa mikono hii hii, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ni aibu. Leo nimeosha mchanga wa Mreno, ndiyo mmevuliwa nguo? Basi vaeni. Mie nina kazi, ghorofa ya pili bado. Wassalaam alaykum."

Siku ya tatu mwanamke mmoja wa Al Qabil, mkwe wa ukoo, ambaye hajapata kuandika chochote mle, akaandika: "Mungu aibariki mikono yako, Mkunga." Wakafuata wengine.

Sisemi alikuwa jiwe. Kwenye simu na dada yake, mgonjwa wa moyo aliyekuwa hapa Ibra, alikuwa mwongo mkubwa. Alimwambia nyumba ina joto kama hamamu, kwamba wana mtumishi, kwamba anachoka kwa kukaa. Nilipokwenda kumpima presha yule dada alinisimulia habari za huyo mtumishi wa Ureno, na mimi nikaitikia. Wala hakusahau kinyongo upesi. Aliporudi Ibra, yule kijana wa picha alikuja kuomba radhi; Mkunga akamsamehe kwa maneno, kisha akamtaka aoshe ngazi za nyumba yake ya Ibra kabla ya kupewa kahawa. Akaziosha.

Nasra alimaliza. Siku hizi anafanya kazi ya maji Nizwa, na wazee wa mafalaji wanaomzidi umri mara mbili wanakaa chini kumsikiliza. Waliporudi, kaka mtu alichinja mbuzi wawili, akaalika ukoo mzima, akasimama kusema jinsi familia ilivyosimama na binti huyu katika shida zake. Alisema kwa ufasaha, na watu wakatikisa vichwa. Mkunga alimaliza tonge lake, akafuta vidole.

"Kaka," akasema kutoka upande wa wanawake, sauti ikafika kote, "ulisimama wapi? Mie nilikuwa kule, sikukuona."

Watu wakacheka, na kaka mwenyewe akacheka, wa mwisho, lakini kwa kweli. Tangu siku ile wanatembeleana zaidi kuliko mwanzo.

Mwaka huu nilimwendea kwa shida yangu. Anaishi Birkat al Mauz sasa, karibu na Nizwa, pamoja na Nasra na mjukuu, nyumba ndogo iliyopakana na bustani za migomba. Niliendesha peke yangu, nikapita mji wa Izki bila kusimama, karatasi moja iko kwenye kiti cha pembeni.

Binti yangu Salma amepata nafasi ya chuo Hispania, pamoja na msaada wa nusu ya ada. Mume wangu hataki. Si mtu mbaya, ni mwoga, na woga wake ameuchapisha. Alitafuta kwenye mtandao bei za maisha ya Hispania, akazitoa kwenye karatasi: nyumba, umeme, basi, mkate, mayai, simu. Chini kabisa akajumlisha, akapiga mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, akaiweka mezani tukila. "Hili ndilo jibu," alimwambia Salma, na Salma akaacha chakula chake.

Mkunga alivaa miwani, akaisoma kutoka juu mpaka chini. Amekonda. Mjukuu alikuwa akichora sakafuni.

"Nani aliyeandika haya?"

"Mume wangu, Bi Mkunga."

"Amejitahidi. Lakini ni pungufu. Nipe kalamu."

Akaanza kuongeza chini ya ule mstari mwekundu, polepole, kwa herufi kubwa. Godoro, likishika ukungu. Viatu vya mvua, pea mbili. Picha za kibali, na nauli ya kurudi kesho kwa sababu leo hawakupokei. Dawa ya jino linalouma, akaeleza, maana jino halingoji mwezi uishe. Kahawa. Nilikuwa karibu kucheka. Kisha akasimamisha kalamu, akaandika neno la mwisho: maziko.

Nilijua anachosema. Dada yake alikufa mwaka wake wa tatu kule. Tulimzika siku ile ile, kama ada.

"Kibali changu kilikuwa kimekwisha, kiko ofisini kinatengenezwa," alisema. "Nikitoka siingii tena, na Nasra amebakisha miezi mitano. Tikiti ya siku ile ilikuwa kodi ya miezi mitatu. Nikakaa. Nikamwogesha mtoto. Siku ya pili ilikuwa siku ya ngazi, nikaosha ngazi." Akavua miwani. "Watu wanadhani niliumia kwa ile picha. Picha si kitu. Mwanangu, mimi nilimdanganya dada yangu mpaka siku aliyokufa, na sikumzika."

Nikamshika mkono, akaniachia kidogo, kisha akauchukua.

"Mumeo yuko nyumbani leo?"

"Yuko."

"Twende."

"Bi Mkunga, ni safari, na utarudi vipi?"

"Nimekuuliza yuko au hayuko." Ameshasimama anatafuta buibui. Akamwacha mjukuu kwa mama yake aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, akakaa kiti cha mbele na karatasi mapajani, na njia nzima hakuzungumza ila kunionya mwendo.

Tulifika baada ya alasiri. Mume wangu alikuwa sebuleni anatazama habari. Alipomwona aliruka kusimama. "Shikamoo, Bi Mkunga."

"Marahaba. Kaa."

Akampa karatasi. "Hesabu yako nimeisoma, ni ya kweli, nimekuongezea zilizobaki. Usije ukasema nilikuficha."

Akaisoma. Nilimwona akifika kwenye mstari mwekundu na kuuvuka. "Basi si umekubaliana na mimi?" akasema. "Ni ghali. Hatuwezi."

"Ni ghali. Mtaweza. Mtakula kuku badala ya mbuzi, na hiyo gari utaiendesha miaka mitano zaidi."

"Na akishindwa kule?"

"Atarudi kwao. Kwani mna mpango wa kuhama?"

Hakucheka. Kidole chake kilikuwa chini kabisa ya karatasi. "Na hili? Maziko ya nani?"

"Hayo yalikuwa ya dada yangu, niliyakosa," Mkunga akasema. "Atakayoyakosa Salma sijui. Yanaweza kuwa yako."

Nilitaka kumzuia, nikashindwa. Mume wangu akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Unalijua hilo, na bado unaniambia aende?"

"Nalijua. Aende."

Akaizima televisheni. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa kanzu, kisha akamwita Salma, ambaye alikuwa nyuma ya mlango muda wote, akamuuliza pasipoti yake inakwisha lini.